Figo za mume wangu zilisimama, sasa zimeanza kukojoa tena. Zitapona kabisa?

BARUA

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi nje kidogo ya mji wa Tanga. Mume wangu ana miaka 41, ni kibarua kwenye shamba la mkonge. Hajawahi kuwa na kisukari wala presha. Masika ya mwaka huu alishikwa na homa, tukadhani ni uchovu wa kazi na mvua. Mgongo na viungo vilimuuma sana, akanunua diklofenaki dukani akawa anameza asubuhi na jioni. Baada ya siku chache akaanza kutapika na kuharisha, hakuna kilichokaa tumboni. Tulipomfikisha hospitali macho yalikuwa manjano, anaongea vitu visivyoeleweka, na mkojo ulikuwa kidogo sana, wa rangi ya kahawa. Wakapima, wakasema ni malaria kali na figo zote mbili zimefeli. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, ilifika 1,140.

Alichomwa sindano za malaria, akawekewa mpira shingoni, akawa anasafishwa damu. Karibu wiki mbili hakupata mkojo wa maana. Mimi nilikuwa nakaa pale na kopo tupu, namwomba Mungu angalau litone. Kisha mkojo ukaanza kurudi, ukaongezeka, wakaacha mashine, wakatoa ule mpira. Aliruhusiwa kreatinini ikiwa 412. Juma lililopita tulirudi kliniki, ikawa 236.

Nilidhani shida zimeisha, kumbe ndiyo zimeanza nyumbani. Kwanza, mkojo wenyewe sasa umezidi. Nilipima kwa jagi, kwa siku unafika lita nne na nusu, mweupe kabisa. Usiku anaamka mara nyingi, ana kiu, amekonda. Jirani anasema hiyo ni sukari imeingia. Jirani huyohuyo anasema mtu akishaingia kwenye mashine hatoki, ni kupumzika tu halafu atarudi. Shemeji yangu ameanza kuuliza nani atatoa figo, na macho yote yananitazama mimi.

Wifi yangu ndiye mtihani mkubwa. Anampenda kaka yake, hilo siwezi kulikana. Kila asubuhi anamletea glasi kubwa ya juisi ya birimbi, anasema uchachu wake unayeyusha uchafu wa kwenye figo. Ameleta pia unga wa miti shamba wa kusafisha figo, ulionunuliwa sokoni, hauna jina. Mama mkwe naye analeta madafu. Nilipowaambia hospitali walitukataza kumpa vitu hovyo, wifi akasema mbele ya watu kuwa namnyima kaka yake dawa kwa kuamini makaratasi. Mume wangu hataki ugomvi, anakunywa kila anachopewa.

Yeye mwenyewe anataka kurudi shambani, na anataka kuanza kulipa siku za Ramadhani ambazo hakufunga. Mgongo bado unamsumbua na juzi nimekuta vidonge vilevile vya diklofenaki mfukoni mwake.

Daktari, naomba uniambie ukweli. Figo iliyokufa inafufuka? Na hao ndugu niwaambie nini?

Mke mwenye mashaka, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na nipelekee pole kwa baba watoto.

Nianze na habari njema ambayo naona watu wa nyumbani hawajakupa nafasi ya kuifurahia. Kreatinini ilikuwa 1,140. Mashine ikaondolewa ikiwa bado juu, na tangu hapo imeteremka hadi 236. Mashine haipo, kwa hiyo aliyeishusha ni nani? Ni figo zake. Zinajitengeneza, na zinafanya hivyo hata saa hii unaposoma. Nataka nikueleze kazi hiyo inavyokwenda, kwa sababu ukishaielewa utaweza kuwajibu wifi, shemeji na jirani bila kunitegemea mimi.

Kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja. Nefroni moja ni kichujio kidogo kilichounganishwa na mrija mwembamba mrefu. Kwa siku moja vichujio hivyo vyote hutoa kwenye damu takriban lita 180 za maji. Mtu angeyakojoa yote asingefika jioni. Hayakojoi kwa sababu mirija imetandazwa seli ambazo kazi yake ni kuyarudisha mwilini, karibu asilimia 99 yake, pamoja na chumvi na sukari na vingine ambavyo mwili hautaki kuvipoteza. Ni kazi nzito inayokula oksijeni nyingi. Na hapo ndipo penye udhaifu: mirija hiyo hushuka hadi sehemu ya ndani ya figo ambako oksijeni ni ya kubana hata kwa mtu mzima wa afya. Damu ikipungua kidogo, seli za huko ndizo zinazotangulia kuumia.

Mumeo alipigwa pande tatu kwa mpigo. Malaria kali hufanya chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea kunata kwenye mishipa midogo, na nyingine kupasuka na kumwaga himoglobini ambayo ni sumu kwa mirija ya figo. Ule mkojo wa rangi ya kahawa ulikuwa unaieleza habari hiyo. Kutapika na kuharisha kukapunguza maji mwilini, damu ya kwenda figoni ikapungua. Na diklofenaki ikamalizia, kwa sababu damu inapopungua figo huwa na kemikali zake za kuutanua mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio, na dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni huzizuia kemikali hizo. Peke yake, kwa kijana mzima aliyekunywa maji ya kutosha, pengine vidonge vile visingemfanya kitu. Kwa mtu aliyekauka na mwenye malaria vilikuwa hatari.

Kinachoumia zaidi katika hali kama yake ni zile seli za ndani ya mirija. Nyingine hufa, zikabanduka, zikaanguka ndani ya mrija na kuuziba. Ndiyo maana kopo lako lilibaki tupu. Lakini si zote zilizokufa. Na utando ambao seli hizo huketi juu yake, mara nyingi hubaki umesimama. Hizo seli zilizosalia ndizo tegemeo letu.

Siku chache baada ya kuumia, seli zilizosalia hufanya jambo ambalo mimi kila nikilifikiria hunijaza shukrani. Huacha kazi yao. Hupoteza umbo lao la ukomavu, hulala bapa, hutambaa na kufunika sehemu zilizobaki wazi, kisha huanza kugawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne. Baadhi yake hata humeza mabaki ya wenzao waliokufa ili kusafisha njia. Mrija ukishafunikwa wote, ndipo huanza kukomaa upya na kuirudia kazi yao ya zamani. Fikiria kijiji cha wavuvi kilichopigwa na tufani. Waliosalia hawaendi baharini kesho yake. Wanaacha nyavu, wanajenga nyumba kwanza, na siku wanazojenga sokoni hakuna samaki.

Kwa miaka mingi wanasayansi walibishana kama wajenzi hao hutoka ndani ya mrija wenyewe au hutoka kwingine, labda kwenye uboho wa mifupa. Mwaka 2008 watafiti wa Boston, Benjamin Humphreys na Joseph Bonventre pamoja na wenzao, walitumia panya ambao seli za mirija yao ya figo zilikuwa zimetiwa alama ya kudumu. Wakaziumiza figo, wakasubiri zipone, wakatazama. Seli mpya zilikuwa na alama ileile. Maana yake, waliojenga ni watoto wa seli zilezile zilizonusurika, hakuna mgeni aliyekuja kutoka nje.

Sasa tuutazame mkojo unaokutisha. Mirija imefunguka, vichujio vinapitisha maji tena, lakini seli nyingi bado changa. Hazijajua vizuri kuyarudisha maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo maji yanapita moja kwa moja na unaona lita nne na nusu, nyeupe. Hii ni hatua inayojulikana sana ya kupona, na kwa kawaida hupungua yenyewe kadiri seli zinavyokomaa. Kama jirani anahofia sukari, kipimo cha kidole ni cha dakika moja, kapimeni wote mtulie.

Ila usiichukulie hatua hii kuwa ni ya salama tu. Mtu anayepoteza lita nne na nusu anaweza kukauka, na akikauka damu itapungua figoni mara ya pili, na seli changa haziwezi kustahimili pigo lingine. Kule wodini bila shaka mlikatazwa kumpa maji mengi kwa sababu hakuwa akikojoa. Katazo lile limeshapitwa na wakati. Sasa anywe kwa kiu yake, na usimwache akae na kiu. Wala usimlazimishe kunywa lita sita ili eti azioshe figo, kwa sababu ukimjaza, figo zitaendelea kutoa kile ulichomjaza na hamtajua lini zimepona. Endelea kupima kwa jagi. Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, kwa mizani ileile. Uzito ukishuka siku hadi siku, au akisimama anaona kizunguzungu, rudini hospitali wamwangalie na kumpima chumvi na potasiamu, msingoje tarehe ya kliniki.

Potasiamu inanileta kwenye madafu ya mama mkwe. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi. Figo zilipokuwa zimesimama, dafu lingeweza kuusimamisha moyo wake, na ndiyo sababu walikataza. Sasa anakojoa sana, na inawezekana kabisa kwamba potasiamu yake imeteremka hadi dafu likamfaa. Hilo linajulikana kwa kipimo cha damu tu. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zake zote, madafu hayajakataliwa milele. Tunasubiri jibu la maabara.

Birimbi ni jambo jingine, na hapa sitapunguza maneno. Glasi ile ya asubuhi ikome leo. Uchachu wa birimbi unatokana kwa sehemu kubwa na asidi ya oksaliki. Ukitia birimbi tatu kwenye mchuzi wa samaki, mtu mwenye afya haumii. Lakini ukikamua glasi nzima, oksaliki hiyo huingia kwenye damu, hufika figoni, hukutana na kalsiamu na kuganda kuwa chembe ngumu kama sindano ndani ya mirija ileile tunayotaka ipone. Katika jimbo la Kerala, India, ambako birimbi linaota uani kama huku pwani, madaktari waliandika mwaka 2013 juu ya kundi la watu ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi yake nzito. Wengine wao waliinywa kama dawa. Wale walikuwa na figo nzima walipoanza kunywa. Mumeo hana. Na ndugu yake birimbi, lile tunda lenye pembe tano ambalo likikatwa linafanana na nyota, pia asile, kwa sababu kwa mgonjwa wa figo lina sumu inayopanda hadi kwenye ubongo.

Kuhusu unga wa sokoni, swali langu ni moja: ndani yake kuna nini? Wewe hujui, wifi hajui, na muuzaji pengine hajui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji wanawake waliokuwa wakipewa vidonge vya mitishamba ili wapungue uzito waliharibikiwa figo kabisa, wengi wao wakaishia kwenye mashine au kupandikizwa, kwa sababu ya mmea mmoja wenye asidi ya aristolokiki uliokuwa umeingia ndani ya mchanganyiko. Sisemi miti shamba yote ni sumu. Nasema kila kinachoingia tumboni, mwisho wa safari hupita figoni, na figo iliyo katikati ya ujenzi haipaswi kupewa kazi ya kukichuja kitu kisichojulikana. Halafu hakuna uchafu wa kusafisha. Uchafu uliokuwemo ulikuwa seli zilizokufa, na ulishasukumwa nje na mkojo uleule uliokuwa unaungojea na kopo lako. Hadi leo hakuna dawa, ya hospitali wala ya miti, iliyothibitishwa kuharakisha figo ya binadamu kujijenga. Tunachoweza kuzifanyia figo zake ni kuzipa damu ya kutosha, muda, na kuzikinga zisiumizwe tena.

Ndiyo maana vile vidonge ulivyokuta mfukoni vimenisikitisha kuliko yote uliyoandika. Vitoe. Maumivu ya mgongo atumie paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, kitambaa cha moto, na kama hayapungui aseme kliniki. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao, za kumeza au za sindano, asitumie tena bila daktari anayejua historia yake. Nenda pia kwa muuza duka la dawa la mtaani kwenu umwambie kwa mdomo wako kwamba mume wako hauziwi hizo. Wauzaji wengi ni watu wema, wakijua watakusaidia kumlinda.

Umeniuliza kama figo iliyokufa inafufuka, ukataka ukweli. Seli za mrija hurudi, nimekueleza. Nefroni nzima ikipotea hairudi. Binadamu hutengeneza nefroni zake zote akiwa tumboni mwa mama, na kazi hiyo hufungwa mimba ikifika kama wiki ya 36. Hakuna nyingine atakayoongezewa duniani. Na ujenzi wenyewe hauendi sawa kila mahali. Jeraha likiwa kubwa au likirudiwa, baadhi ya seli huanza kugawanyika zikakwama katikati, hazirudi nyuma wala haziendi mbele. Seli zilizokwama hivyo hutoa kemikali zinazoita seli za kutengeneza kovu, kovu linatanda kati ya mirija, na mishipa midogo ya damu inapungua. Kovu halichuji kitu. Mtu anaweza kukojoa vizuri, akala, akarudi kazini, na huku sehemu ya figo zake imekuwa kovu asijue. Nchini Uganda watafiti waliwafuatilia watoto waliopatwa na tatizo la figo kwa sababu ya malaria kali, wakakuta baadhi yao mwaka mmoja baadaye wana ugonjwa sugu wa figo, ingawa walikwisha kuruhusiwa na kuonekana wamepona.

Kuna kiumbe asiyepata kovu hilo, na naomba univumilie nikutajie kwa sababu ni wa kwetu Afrika Mashariki. Yupo panya mwenye manyoya magumu ya miiba. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi yao Laikipia, Kenya, walionyesha kwamba panya hao hubanduka ngozi wakikamatwa na kisha huiotesha upya bila kovu, vinyweleo na vyote. Mwaka 2021 timu nyingine ikaonyesha kuwa panya wa jamii hiyo, figo zake zikiumizwa vibaya kwa namna ambayo panya wa kawaida hubaki na makovu na figo iliyosinyaa, hupona na kurudi kufanya kazi bila kovu. Seli ni zilezile. Tofauti iko katika namna zinavyoagizwa kufanya ukarabati. Siku maagizo hayo yatakapoeleweka vizuri, huenda wajukuu zetu wakatibiwa kwayo.

Jirani anayesema aliyeingia kwenye mashine hatoki anachanganya watu wawili tofauti. Yupo mgonjwa ambaye figo zake zimeliwa polepole kwa miaka na kisukari au presha. Huyo akifika kwenye mashine, mara nyingi atabaki nayo mpaka apandikizwe. Na yupo aliyepigwa ghafla akiwa mzima, ambaye mashine humshikilia tu wakati figo zinajijenga. Ushindi wa kwanza wa mashine yenyewe ulikuwa kwa mgonjwa wa aina hiyo ya pili. Daktari Willem Kolff aliitengeneza Uholanzi wakati wa vita, mwaka 1943, katika mji wa Kampen. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa, mmoja baada ya mwingine, na hakuacha. Septemba 1945 aliletewa mama wa miaka 67 aliyekuwa hana fahamu kwa figo kufeli ghafla. Akamsafisha damu kwa saa kadhaa, mama akazinduka. Figo zake zikarudi kazini, akaishi miaka kadhaa zaidi bila mashine. Hapa kwetu pia, hospitali ya KCMC Moshi, watu waliofeli figo ghafla wameokolewa kwa kusafishwa kupitia tumboni, kisha figo zao zikaanza kufanya kazi na wakaenda nyumbani. Mumeo ni wa kundi hili.

Kwa hiyo shemeji aache kutafuta wa kutoa figo. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata mwaka 2018, ni maendeleo ninayoyafurahia sana. Lakini upandikizaji ni wa mtu ambaye figo zake zimeshindwa moja kwa moja. Kwa namba hizi za mumeo hakuna daktari atakayelijadili. Na hata siku lingejadiliwa, figo ni yako, hutoi kwa kutazamwa na macho ya watu.

Wifi sasa. Usimshinde mbele ya watu kama yeye alivyokufanya. Anampenda kaka yake na anaogopa, na mtu anayeogopa anataka mikono yake iwe na la kufanya. Mpe. Mwambie, wifi, naomba wewe uwe mwenye jagi na daftari. Andika amekunywa kiasi gani, amekojoa kiasi gani, uzito wa asubuhi. Ni kazi ya dawa kweli, si ya kumpumbaza. Kisha kliniki ijayo nendeni naye, na abebe ule unga na birimbi moja mkononi, amwulize daktari mwenyewe. Jibu akilisikia kwa masikio yake hatakuwa na sababu ya kukulaumu. Na mumeo aseme kwa kinywa chake kwamba hanywi tena. Mwili ni wake. Kukubali kila glasi kwa kukwepa ugomvi kunakuacha wewe ukipigana peke yako.

Kipimo ninachokisubiri ni cha miezi mitatu tangu figo zilipofeli. Kwa wakati huo ukarabati mkubwa huwa umekwisha na tunajua kilichorudi. Asipimwe kreatinini peke yake. Amekonda, amepoteza nyama, na kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo namba inaweza kuonekana nzuri kuliko hali ilivyo. Ombeni apimwe pia protini iitwayo albumini kwenye mkojo, na presha. Kreatinini ya mwanaume, maabara nyingi huihesabu kuwa ya kawaida kati ya 60 na 110 hivi. Yake ikiishia 100 na mkojo hauna albumini, mshukuru Mungu, halafu apime kila mwaka. Ikigota kwenye 150 au albumini ikawa inavuja, si mwisho wa maisha. Zipo dawa za kulinda figo zilizobaki na daktari wake atampangia. Kabla ya hapo, mkojo ukipungua ghafla, miguu ikivimba, akihema kwa shida, akitapika au akichanganyikiwa, usisubiri kupambazuke.

Na tangu sasa, kila hospitali atakayokanyaga, hata kwa jino, aanze kwa kusema figo zangu zilishafeli. Kuna dawa, na sindano zinazochomwa ili kupiga picha za mwili, ambazo daktari hubadilisha akilijua hilo. Homa yoyote apimwe malaria siku hiyohiyo, na alale ndani ya neti, maana pigo la pili litakuta nefroni chache kuliko la kwanza.

Kazi ya mkonge juani asiirudie wakati bado anakojoa lita nne. Katika mashamba ya miwa ya Nikaragua na El Salvador vijana wengi wasio na kisukari wala presha wameharibikiwa figo, na kufanya kazi nzito kwenye joto kali huku mwili umekauka ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi. Mkojo ukirudi kawaida, aombe kazi za kivulini au za asubuhi mapema, maji yawe karibu, apumzike. Nyapara akigoma, daktari anaweza kuandika barua.

Kuhusu siku za kulipa, naijua hamu hiyo, na dini imempa mgonjwa nafasi ya kuahirisha mpaka aweze. Mwili wake sasa hauwezi kukaa mchana kutwa bila maji. Asianze kabla ya vipimo vya mwezi wa tatu kutoka. Vikitoka vizuri, amwambie daktari idadi ya siku anazodaiwa, wapange aanze na siku mojamoja zenye nafasi katikati, msimu wa baridi, kisha apime tena kreatinini kabla ya kuongeza. Vikitoka vibaya, amwendee shehe wake na majibu hayo mkononi, amweleze kama alivyo.